Kurekebisha hachi katika AutoCAD bila kuifuta na kuanza upya

Hachi ni mistari, nukta au rangi inayojaza eneo lililofungwa ndani ya mchoro ili msomaji atambue eneo hilo ni la nini: ukuta wa matofali uliokatwa, zege la msingi, udongo ulioshindiliwa, sakafu ya vigae, au sehemu ya kiwanja isiyojengwa. Fundi aliyeko saiti hutazama hachi kabla hajasoma maandishi, na akiona alama ya zege mahali palipokusudiwa tofali atauliza, au, jambo lililo baya zaidi, hatauliza. Ndiyo maana kurekebisha hachi kunastahili uangalifu uleule ambao mchoraji anautoa kwa vipimo.

Wachoraji wengi wakiona hachi haikukaa sawa huifuta na kuijaza upya. Njia hiyo inafaa kwa chumba kimoja, lakini katika ramani yenye kurasa nyingi hula muda mwingi, na kila hachi mpya huja na kipimio chake, pembe yake na tabaka lake (layer), hata kurasa za mchoro mmoja zikaonekana kama zimechorwa na watu tofauti. Hachi iliyokwisha kuchorwa inaweza kubadilishwa karibu kila kitu chake, mradi anayeibadilisha ajue kwamba imejengwa juu ya mambo manne: mpaka unaoizunguka, ruwaza inayoijaza, kipimio na pembe ya ruwaza hiyo, na chanzo, yaani nukta ambayo ruwaza inaanzia kuhesabiwa. Shida nyingi zinazolaumiwa ruwaza hutokana na mpaka au kipimio, na anayelijua hilo huokoa muda mwingi.

Maelezo haya yanahusu AutoCAD, programu ya kampuni ya Autodesk iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Amri nimeziandika kwa herufi kubwa kama zinavyoonekana kwenye mstari wa amri, kwa sababu vitufe vya kwenye utepe huhamahama toleo hadi toleo ilhali majina ya amri hudumu. Mfano nitakaoutumia ni ramani ya nyumba ya kawaida ya chini, yenye kuta za matofali ya saruji ya inchi sita, iliyochorwa kwa milimita na inayotarajiwa kuchapishwa kwa kipimio cha 1:50 na 1:100.

Mpaka kwanza

Kabla ya kugusa chochote, iteue hachi na ufungue dirisha la PROPERTIES. Humo kuna mstari unaoeleza kama hachi ni Associative, yaani kama imefungamana na vitu vilivyoizunguka ulipoichora. Jibu la mstari huo ndilo linaloamua utumie njia gani.

Hachi iliyofungamana hufuata mpaka wake. Ukiivuta polilaini ya chumba, yaani mistari yake iliyoungana kuwa kitu kimoja, kwa STRETCH, hachi nayo itatanuka. Ukiugeuza ukuta ulionyooka kuwa tao, hachi itafuata tao hilo. Kwa hiyo hachi ya namna hii hairekebishwi kwa kushikwa yenyewe, bali kwa kurekebisha mpaka. Ukiihamisha hachi peke yake kwa MOVE, au ukivuta mstari mmoja wa mpaka hadi eneo likaachwa wazi, programu itakuarifu kwamba ufungamano umeondolewa, na tangu hapo hachi itabaki ilipo hata ukuta ukihama. Ujumbe huo hupita haraka kwenye mstari wa amri na wengi hawausomi. Matokeo yake huonekana baadaye, mteja anapoomba chumba kiongezwe na hachi inabaki na umbo la chumba cha zamani.

Hachi isiyofungamana hushikwa moja kwa moja. Ukiiteua, kingo na pembe zake huonyesha vishikio vya buluu unavyoweza kuvivuta, na ukikituliza kielekezi juu ya kishikio bila kubofya utapata orodha fupi ya kuongeza kona, kuondoa kona au kugeuza ukingo kuwa tao. Kwa eneo dogo la mandhari, kama bustani au njia ya kokoto, njia hii ni ya haraka sana. Kwa kuta siipendekezi, kwani hachi ya ukuta inayovutwa kwa mkono hukosa kugusa mstari wa ukuta kwa milimita chache, nayo kasoro hiyo hujitokeza kwenye karatasi.

Ikiwa ufungamano umepotea, unarudishwa. Andika HATCHEDIT, teua hachi, kisha chagua Recreate Boundary. Programu itauliza kama mpaka mpya uwe polilaini au eneo la namna ya region. Chagua polilaini, kwa kuwa ndiyo rahisi kuihariri baadaye. Halafu itauliza kama hachi ifungamanishwe na mpaka huo mpya, jibu ndiyo. Sasa una polilaini iliyofungwa, iliyo na umbo halisi la hachi, na unaweza kuivuta hadi ilingane na kuta zilizohama. Amri HATCHGENERATEBOUNDARY nayo huchora polilaini kuzunguka hachi uliyoiteua, ila haiifungamanishi. Inafaa pale unapotaka umbo tu.

Tatizo jingine la mpaka ni uwazi. Unabofya ndani ya chumba na programu inakataa ikisema haikupata mpaka uliofungwa, kisha inaweka miduara myekundu kwenye ncha za mistari zisizokutana. Miduara hiyo ni msaada mkubwa, basi usiifute kwa REGEN, amri ya kuchora upya skrini, kabla hujaivuta karibu kila mmoja na kuona kilichotokea. Mara nyingi ni mistari miwili iliyopishana kidogo kwenye kona, na FILLET yenye nusu kipenyo cha 0 huikutanisha mara moja. Kuna pia kigezo HPGAPTOL kinachoiruhusu programu ivumilie uwazi wa ukubwa utakaoutaja, kwa mfano 5 kwa milimita tano. Kigezo hicho kina nafasi yake katika michoro iliyopokewa kutoka kwa watu wengine, lakini katika mchoro wako mwenyewe ni afadhali kona zifungwe kweli, kwa sababu uwazi unaofichwa na hachi utakusumbua tena utakapotaka kupima eneo au kuugeuza mchoro kuwa wa pande tatu.

Ndani ya eneo lenye hachi huwa kuna visiwa: nguzo, shimo la ngazi, jina la chumba. Nguzo ikiongezwa baada ya sakafu kujazwa, huhitaji kujaza upya. Iteue hachi, na kwenye utepe unaojitokeza chagua sehemu ya kuteua vitu vya mpaka, kisha uiguse polilaini ya nguzo. Hachi itajiondoa ndani ya nguzo hiyo. Kinyume chake, nguzo ikiondolewa, tumia sehemu ya kuondoa mpaka, na pengo litajazwa. Maandishi nayo yanaweza kuteuliwa kama mpaka, na hachi itayaachia nafasi ya mstatili kuyazunguka ili yasomeke. Njia hii ni bora kuliko kuweka kipande cheupe nyuma ya maandishi, kwa kuwa maandishi yakihama, hachi iliyofungamana nayo huhamisha nafasi hiyo.

Kipimio, na sababu ya hachi kutoka nyeusi au kutoonekana kabisa

Hapa ndipo malalamiko mengi yanapotokea, na hesabu yake ni fupi. Nafasi kati ya mistari kwenye karatasi ni sawa na nafasi iliyomo ndani ya ruwaza, mara kipimio cha hachi, ukigawanya kwa kipimio cha uchapishaji. Ruwaza ya ANSI31, ile mistari ya mshazari wa nyuzi 45 inayotumika sana kwa ukuta uliokatwa, imeundwa ikiwa na nafasi ya milimita 3.175 katika faili la vipimo vya metriki. Ukiipa kipimio cha 25 katika ramani itakayochapishwa 1:50, utapata 3.175 mara 25, ugawanye kwa 50, yaani karibu milimita 1.6 kwenye karatasi, ambayo inasomeka vizuri. Kwa 1:100 nafasi hiyohiyo inahitaji kipimio cha 50. Kama mchoro uko katika mita, kama wafanyavyo wapima ardhi, gawanya kipimio cha hachi kwa 1000, na 25 itakuwa 0.025.

Mtu asiyejua hesabu hii huacha kipimio kikiwa 1 katika mchoro wa milimita. Mistari inasongamana hadi ukuta unakuwa mweusi mtupu, au programu inatoa onyo kwamba hachi imebana mno na kukataa kuijaza. Mwingine anaweka 1000 kwa kubahatisha, na mstari wa kwanza wa ruwaza unaangukia nje ya ukuta, hivyo haoni kitu na anadhani hachi haikuchorwa. Katika hali zote mbili ruwaza haina kosa lolote, na dawa ni kuiteua hachi na kurekebisha namba moja kwenye dirisha la PROPERTIES. Ikiwa hachi haionekani mahali popote katika mchoro mzima, angalia kigezo FILLMODE. Kikiwa 0 hachi zote hufichwa, nacho hurudishwa kuwa 1 kisha ikafuatishwa REGEN.

Kuna mtego wa pili unaowapata hata wazoefu. AutoCAD ina mafaili mawili ya ruwaza: acad.pat lililoundwa kwa inchi na acadiso.pat lililoundwa kwa milimita. Kigezo MEASUREMENT ndicho kinachoamua mchoro wako uchukue ruwaza kutoka faili lipi: 0 ni inchi na 1 ni milimita. Ruwaza ileile katika mafaili hayo mawili hutofautiana mara 25.4. Kwa hiyo mchoro ulioanzishwa kwa kiolezo cha Kimarekani, halafu ukaendelezwa kwa milimita, utatoa ANSI31 yenye nafasi ya 0.125 badala ya 3.175, na kipimio ulichokizoea hakitafanya kazi. Badilisha MEASUREMENT kuwa 1 kabla ya kuendelea. Jua pia kwamba hachi zilizokwisha kuchorwa hazitabadilika zenyewe. Inabidi uziteue na kuzipa ruwaza yake upya ndipo zisomwe kutoka faili la milimita.

Mtego wa tatu hutokea unapobadilisha ruwaza bila kubadilisha kipimio. Tuseme ukuta wa ANSI31 wenye kipimio cha 25 unageuzwa kuwa wa zege, na unachagua AR-CONC. Ruwaza zinazoanza na AR zimeundwa kwa ukubwa halisi wa vitu zinavyoviwakilisha, au karibu na ukubwa huo, kwa hiyo katika mchoro wa milimita kipimio chake huanzia 1. Ukiiacha 25 iliyoachwa na ANSI31, kokoto za zege zitakuwa kubwa kuliko ukuta wenyewe na utaona vipande vya mistari tu. Badilisha ruwaza kwanza kisha kipimio, kwa sababu ukifanya kinyume ANSI31 itajazwa kwa kipimio cha 1, na mistari yake iliyosongamana inaweza kuifanya kompyuta dhaifu isimame kwa muda mrefu. Kati ya ruwaza zenye nukta nyingi, AR-SAND ni nzito. Katika eneo kubwa la kiwanja ni heri kuijaza ukanda mwembamba kandokando ya mpaka kuliko eneo zima.

Ukuta wa milimita 150 ukichapishwa kwa 1:100 una upana wa milimita 1.5 tu kwenye karatasi. Hakuna ruwaza ya mistari itakayosomeka ndani ya upana huo. Kwa kurasa za 1:100 badilisha ruwaza ya kuta iwe SOLID yenye rangi ya kijivu, na uiache ANSI31 kwa mikato na kurasa za 1:50. Kama umetumia rangi iliyopunguzwa nguvu kwa uwazi, kumbuka kuweka alama ya kuchapisha uwazi kwenye dirisha la PLOT, la sivyo rangi itatoka nzito na kufunika mistari ya chini yake. SOLID ikifunika mistari ya ukuta hata kabla ya kuchapisha, amri HATCHTOBACK huzirudisha nyuma hachi zote za mchoro kwa mara moja.

Ramani moja inapohitaji kuonekana katika kurasa mbili za vipimio tofauti, hachi inaweza kufanywa Annotative. Hapo kipimio chake huhesabiwa kwa karatasi: ANSI31 yenye kipimio cha 0.5 itatoa nafasi ya karibu milimita 1.6 katika kila kipimio ulichoiongezea. Lakini usifanye hivyo kwa ruwaza inayowakilisha kitu chenye ukubwa halisi. Kigae cha milimita 600 lazima kibaki 600 katika ukurasa wowote, na tofali vilevile. Ukiifanya ruwaza ya vigae ibadilike kulingana na karatasi, fundi atakayehesabu vigae kwenye mchoro atapata idadi isiyo ya kweli.

Chanzo cha ruwaza

Kwa sakafu ya vigae ruwaza rahisi kuliko zote ni ile ya User defined, ambayo haitokani na faili lolote: unataja nafasi, kwa mfano 600, pembe 0, na kuweka alama ya Double ili mistari ipite pande zote mbili. Jambo linalobaki ni mahali pa kuanzia. Programu huanza kuhesabu kutoka nukta ya 0,0 ya mchoro, nukta ambayo haina uhusiano wowote na chumba chako, na ndiyo sababu vigae hukatwa ovyo kwenye kuta zote nne.

Teua hachi, kisha tumia HATCHSETORIGIN na ubofye unapotaka kigae cha kwanza kianzie. Chukua chumba chenye upana wa milimita 3500. Ukianzia kona, utapata vigae vitano vizima na kipande cha 500 upande mmoja. Ukiweka vigae vitano katikati, utapata vipande vya 250 kila upande, ambavyo ni vyembamba na havipendezi machoni. Ukiweka vinne vizima katikati, kila upande utapata kipande cha 550, karibu kigae kamili, na chumba kitaonekana kimelingana. Kwa hiyo chanzo kiwe milimita 550 kutoka ukutani. Hesabu hii ambayo fundi angeifanya kwa kamba na chaki inaweza kumalizika ofisini, na akipewa mchoro ulio sahihi ataifuata.

Unaweza pia kukiweka kielekezi juu ya kishikio cha duara kilicho katikati ya hachi iliyofungamana. Orodha itakayotokea ina chanzo, pembe na kipimio, na mabadiliko utayaona papo hapo. Kwa majaribio ya mpangilio wa vigae sijaona njia nzuri kuliko hiyo.

Chanzo kina umuhimu mwingine katika michoro ya viwanja. Ramani za upimaji zenye viwianishi vya UTM, mfumo wa kutaja mahali duniani kwa mita, huwa mbali sana na 0,0. Mchoro wa kiwanja cha Dar es Salaam, kwa mfano, una kiwianishi cha kaskazini kinachozidi 9,200,000. Kwa umbali huo hesabu za ruwaza hupoteza usahihi, na mistari hupinda, hukatika, au hukataa kuonekana. Usiuhamishe mchoro wa mpima, kwa kuwa viwianishi vyake ndivyo vinavyoutambulisha. Weka chanzo cha hachi kwenye kona mojawapo ya kiwanja, na ruwaza itarudi katika hali yake.

Kurekebisha hachi nyingi kwa pamoja

Iteue hachi moja, kisha SELECTSIMILAR, na zile zinazofanana nayo zitateuliwa. Ukihitaji kuchuja zaidi, QSELECT hukuruhusu kuchagua hachi zote ambazo jina la ruwaza ni ANSI31, au ambazo kipimio si 25, na hilo la pili hufichua haraka zile zilizokosewa. Zikiwa zimeteuliwa zote, namba moja ndani ya PROPERTIES huzibadilisha kwa pamoja. MATCHPROP hunakili ruwaza, kipimio na pembe kutoka hachi iliyo sahihi kwenda nyingine, lakini huchukua pia tabaka na rangi, basi angalia mipangilio yake kabla ya kuigusisha kwenye hachi zilizo katika tabaka jingine. Na ili hachi mpya zisitawanyike, weka jina la tabaka la hachi katika kigezo HPLAYER. Tangu hapo kila hachi itakwenda huko bila kujali tabaka gani liko kazini.

Wakati mwingine kuta zote za nyumba zilijazwa kwa mara moja na zimekuwa kitu kimoja, na ukitaka kubadilisha ukuta wa choo peke yake unabadilisha nyumba nzima. Ndani ya HATCHEDIT kuna chaguo la kuzitenganisha ziwe hachi zinazojitegemea. Kwa hachi zijazo, kigezo HPSEPARATE kikiwa 1 kitazitenganisha tangu mwanzo. Katika nyumba pacha zinazochorwa kwa MIRROR, kigezo MIRRHATCH kikiwa 0 huuacha mshazari wa mistari ukielekea upande uleule katika nyumba zote mbili, na hivyo ndivyo ilivyo sahihi kwa mkato wa kitu kimoja.

Amri moja ninaisihi isitumike, nayo ni EXPLODE. Huivunja hachi ikawa mistari elfu kadhaa isiyojuana. Faili huvimba, mpaka hauna tena maana, na njia pekee ya kurudi nyuma ni UNDO. Wanaoitumia huwa wanataka kufuta kipande cha hachi, na kazi hiyo hufanywa na TRIM ya kawaida, au kwa kuongeza kisiwa kama nilivyoeleza.

Kuunda ruwaza ya tofali lako

Ruwaza ya AR-B816 inayokuja na programu ni ya tofali la inchi 8 kwa 16, yaani milimita 203.2 kwa 406.4. Tofali la saruji tunalolitumia katika nyumba nyingi za Tanzania lina urefu wa karibu milimita 450 na kimo cha 230, kwa hiyo mwonekano wa mbele uliojazwa AR-B816 hudanganya idadi ya kozi, yaani safu za matofali. Kuunda ruwaza yake si kazi kubwa. Fungua programu ya kuandikia maandishi matupu, kama Notepad, na uandike mistari hii mitatu:

*TOFALI460, Matofali ya saruji 450 kwa 230
0, 0,0, 0,240
90, 0,0, 240,230, 240,-240

Mstari wa kwanza huanza na nyota, likafuata jina lisilo na nafasi ndani yake, kisha mkato na maelezo. Mistari inayofuata kila mmoja hueleza ukoo mmoja wa mistari. Namba ya kwanza ni pembe; mbili zinazofuata ni nukta ambayo mstari wa kwanza wa ukoo unapitia; mbili zinazofuata hueleza mstari wa pili unasogea kiasi gani, kwanza kwa kufuata uelekeo wa mstari wenyewe, kisha kwa kwenda pembeni yake. Zikibaki namba nyingine, hizo ni vipande: namba chanya ni urefu wa kuchora, namba hasi ni urefu wa kuruka, na 0 ni nukta.

Sasa isome ruwaza yetu. Ukoo wa kwanza ni mistari ya mlalo isiyokatika, inayopishana kwa milimita 240, yaani kimo cha tofali 230 pamoja na 10 za mchanganyiko wa saruji na mchanga. Ukoo wa pili ni mistari ya wima, yenye pembe ya 90. Kila mmoja huchora 240, huruka 240, na unaofuata husogea pembeni 230, ambayo ni nusu ya 460 (urefu wa tofali 450 pamoja na kiungo cha 10), huku ukipanda juu 240. Kwa hiyo kiungo cha wima cha kozi ya pili huangukia katikati ya tofali la kozi ya kwanza, kama tofali linavyolazwa. Fundi wako akitumia kiungo kinene zaidi, badilisha 240 ziwe 245 na 230 ziwe 232.5, nayo ruwaza itakuwa ya kiungo cha milimita 15. Ukifanya hivyo badilisha na jina lake.

Baada ya mstari wa mwisho bonyeza Enter, kwa sababu faili lisilo na mwisho wa mstari hukataliwa au hupoteza mstari huo. Lihifadhi kwa jina TOFALI460.pat, jina la faili lazima lilingane na jina lililoandikwa baada ya nyota, na faili liwe na ruwaza hiyo moja tu. Liweke katika folda ambayo imo kwenye orodha ya njia za utafutaji ndani ya OPTIONS. Hapa nina shauri la dhati: tengeneza folda yako mwenyewe na uiongeze kwenye orodha hiyo, badala ya kuandika ndani ya acadiso.pat, kwa kuwa kusakinisha toleo jipya kunaweza kukuachia faili jipya lisilo na kazi yako.

Ijaribu kwa kuchora mstatili wa 4600 kwa 2400, ukaujaza TOFALI460 kwa kipimio cha 1, na ukaweka chanzo kwenye kona ya chini kushoto. Zinapaswa kuonekana kozi 10, na kozi ya chini iwe na matofali 10 mazima. Ikiwa kozi moja ina viungo vya wima kila milimita 230 na inayofuata haina kiungo hata kimoja, namba ya nne katika ukoo wa pili imeandikwa 0. Ikiwa mistari ya wima haikatiki, vipande viwili vya mwisho vimesahaulika. Ukilirekebisha faili, hachi zilizokwisha kuchorwa zitabaki na sura ya zamani hadi uziteue na kuzipa ruwaza hiyo upya.

Ruwaza ya ukubwa halisi ina faida ya ziada. Dirisha la PROPERTIES huonyesha eneo la hachi, na ukiteua kadhaa huonyesha jumla yake. Katika mchoro wa milimita, gawanya kwa milioni moja kupata mita za mraba. Tofali letu likiwa na kiungo chake huchukua mita 0.46 kwa 0.24, yaani karibu matofali 9 kwa kila mita moja ya mraba ya ukuta. Ukuta wenye eneo la mita za mraba 62, madirisha na milango vikiwa vimeondolewa kama visiwa, utahitaji matofali yapatayo 562 kabla ya kuongeza ya kuvunjika. Mkadiriaji majenzi atafanya hesabu yake kamili, lakini mchoraji aliyejaza hachi kwa mipaka iliyofungwa humpa pa kuanzia panapoaminika.

Unapompelekea mtu mwingine faili la mchoro, hachi yako ya TOFALI460 itaonekana kwenye kompyuta yake, kwa kuwa mistari yake huhifadhiwa ndani ya mchoro wenyewe. Atakapotaka kuichagua tena kwa eneo jipya au kuibadilisha, programu yake italitafuta faili la .pat na kulikosa. Liambatanishe, pamoja na maelezo ya folda ya kuliweka na kipimio cha kulitumia: 1 kwa mchoro wa milimita, 0.001 kwa mchoro wa mita.